Mjadala: Kiumbe wa sayari nyingine apangiwe hulka na kitabu cha kanuni, au na anayemcheza?

Mleta mada

Naleta swali ambalo limewagawa wapenzi wa michezo ya kuigiza ya mezani kwa muda sasa. Tunapomchukua kiumbe wa sayari nyingine kutoka katika bunilizi za kisayansi na kumfanya mhusika wa kuchezwa, kitabu cha kanuni kina mamlaka kiasi gani ya kusema kwamba kila mmoja wa spishi yake ni mkali, mjanja au mpumbavu tangu kuzaliwa? Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, watu wachache huketi mezani, mmoja wao akiwa msimamizi anayesimulia mazingira, na kila mmoja wa waliobaki hubeba mhusika ambaye uwezo wake umeandikwa kwa namba katika karatasi; palipo na mashaka ya kufaulu, hurushwa dadu.

Mfano ninaoutaka tuujadili una historia ndefu. Mwaka 1982 kampuni ya TSR ya Marekani, iliyokuwa ikichapisha Dungeons & Dragons, mchezo maarufu zaidi wa aina hii, ilitoa mchezo wa anga za juu uitwao Star Frontiers, wenye spishi nne za kuchezwa. Mbali na binadamu kulikuwa na Vrusk mwenye umbo la mdudu, Dralasite asiye na mifupa ambaye huchomoza mkono au mguu mpya akiuhitaji, na Yazirian, kiumbe wa mfano wa nyani mwenye ngozi iliyotanda kutoka mkononi hadi ubavuni, inayomwezesha kuruka kutoka juu na kuelea akishuka. Yazirian huona vizuri gizani, na kwa hiyo mchana huvaa miwani ya giza. Juu ya mwili huo, kanuni zikamwongezea hasira ya vita, ambayo mwanzoni ina nafasi ya asilimia 5 ya kumpanda, pamoja na desturi ya kujichagulia adui wa maisha, yaani adui wa kupambana naye maisha yake yote.

Katika miaka ya 1990 mwili huo uliingizwa katika Spelljammer, ulimwengu wa Dungeons & Dragons unaosafiri kati ya nyota, kwa jina la Hadozee. Wizards of the Coast, walioinunua TSR mwaka 1997, waliurudisha Agosti 2022 wakiwa wamewaandikia Hadozee chanzo kipya: walikuwa wanyama wadogo walionaswa na mchawi, akawanywesha dawa iliyowapa akili na kimo ili awauze kama askari, kisha wanafunzi wa mchawi huyo wakawasaidia kutoroka. Malalamiko yalikuwa makali, kwa kuwa masimulizi ya viumbe kama nyani waliofanywa watumwa yanabeba historia ambayo hakuna Mmarekani mweusi anayehitaji kufafanuliwa. Mwezi uliofuata kampuni iliomba radhi na kuyafuta maelezo hayo katika toleo la kidijitali. Kitabu cha mchezaji cha mchezo huohuo, cha mwaka 2024, kimekwenda mbali zaidi: nyongeza za nguvu, wepesi na akili hazitokani tena na spishi, zinatokana na maisha aliyoyaishi mhusika kabla ya safari zake.

Naunga mkono badiliko hilo. Spishi ibaki na mwili wake na historia yake, lakini akili na hulka aamue anayeicheza.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe. Ukiondoa hulka, unabaki na binadamu aliyevaa kinyago, na hapo sioni sababu ya kuhangaika na sayari nyingine.

Tazama K'kree wa mchezo wa Traveller, uliotolewa na Game Designers' Workshop kuanzia mwaka 1977. Ni viumbe wakubwa wenye miguu minne na mikono miwili, walaji majani waliotokana na wanyama wa makundi, na yote mengine yanafuata hapo: hawastahimili mahali palipobana, hawawezi kukaa peke yao, na mla nyama kwao ni chukizo lenye pumzi inayonuka. Msimamizi anayemruhusu mtu amcheze K'kree lazima akubali kwamba mhusika huyo atakuja na jamaa zake, kwamba chombo chao cha anga kitahitaji kumbi pana, na kwamba mazungumzo na mfanyabiashara wa kibinadamu yanaweza kuvunjika kwa sababu ya alichokula mchana. Hiyo ni hulka ya spishi nzima, imeandikwa kitabuni, na ndiyo inayomfanya mchezaji afikiri kwa namna ambayo hajawahi kufikiri. Ukimpa hiari ya kuyapuuza hayo yote, atakuchezea farasi mwenye mikono.

Mchangiaji wa pili

Naona mambo mawili yamechanganywa, na mleta mada ndiye aliyeyachanganya.

Hadozee wa mwaka 2022 hawakuwa na nyongeza ya lazima ya nguvu wala akili. Kufikia wakati huo mchezaji alikuwa ameshapewa uhuru wa kupanga namba hizo apendavyo, bila kujali spishi. Kwa hiyo dawa unayoisifia ilikwishanyweka kabla ugonjwa haujatokea, na haikuukinga. Kilichowaudhi wasomaji kilikuwa kisa chenyewe. Katika kisa kile Hadozee hawaanzishi lolote: akili wanapewa na mtu mwingine, kimo wanapewa na huyohuyo, na hata kutoroka kunahitaji huruma ya wanafunzi wa bwana wao. Spishi nzima inaingia mezani ikiwa inadaiwa shukrani.

Sisi tuliosoma historia ya pwani yetu tunaijua namna hiyo ya kusimulia. Kwa muda mrefu tulifundishwa kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873 kama jambo la Sultani Barghash na Waingereza peke yao, huku watoro waliojitoa wenyewe mashambani na kuanzisha vijiji vyao, kama Fuladoyo nyuma ya pwani ya Kenya, wakitajwa kwa haraka au wakiachwa kabisa. Mwandishi wa Hadozee angeweza kuuacha utumwa ubaki katika kisa na bado akaandika kitu cha heshima, endapo angewapa watu hao vijiji vyao vya watoro, viongozi wao, na ugomvi wao wa ndani kuhusu nani aaminiwe. Hapo mchezaji angepata la kucheza. Kwa kisa kilivyoandikwa, alipata wasifu wa mateso na sarakasi za kuelea hewani.

Mchangiaji wa tatu

Naandika kama msimamizi, na nitasema machache.

Asilimia 5 ni mara moja katika ishirini. Hasira ya vita ya Yazirian hupita vikao vizima bila kuonekana, na wachezaji wengi huisahau. Miwani haisahauliki. Niliwahi kuendesha kisa ambamo kundi lilivamiwa jangwani saa sita mchana, na jambo la kwanza lililovunjika likawa miwani ya Yazirian, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha gari. Mchezaji wake, kijana mpole ambaye kwa kawaida husubiri wengine waseme, alilazimika kuamua papo hapo kama amkabidhi usukani mwenzake asiyemwamini au aendelee kwa kubahatisha. Sikumwambia awe mkali wala mwoga. Jua lilitosha.

Kwa hiyo kwangu kipimo ni kimoja: kanuni hii inamletea mchezaji uamuzi mgumu, au inamwamulia? Woga wa K'kree kwa vyumba vilivyobana unaleta uamuzi. Uwezo wa Dralasite wa kutambua uongo, ambao nao huanza na asilimia 5, unamwachia dadu kazi ambayo mchezaji angeifanya kwa kumsikiliza anayezungumza naye, na ndiyo maana mezani kwangu siutumii. Utani mbaya ambao Dralasite wanasifika nao nimeuacha, kwa kuwa huo wachezaji huuleta wenyewe.

Mchangiaji wa kwanza

Nakubali kipimo hicho, ila kinasaidia upande wangu kuliko mnavyodhani. Traveller hiyohiyo ina Aslan, wanaofanana na simba, ambao kwao dume hutukuzwa kwa ardhi anayoimiliki na biashara huachiwa majike. Dume asiye na ujuzi wa kujitegemea hawezi kushika mambo ya fedha ipasavyo, na kanuni zinauhesabu huo kuwa ujuzi kamili ambao mhusika anaweza kuupata kama anavyopata ujuzi wa silaha. Desturi ya spishi imebaki na uzito wake, mtu mmoja mmoja ana njia ya kutoka, lakini kutoka kunamgharimu. Kitabu cha mwaka 2024 hakimtozi mchezaji gharama yoyote, na hilo ndilo ninalolipinga.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa pili ana haki kuhusu Hadozee, na hoja yangu nairekebisha hivi: kwa spishi ile namba hazikuwa tatizo, kisa ndicho kilichokuwa tatizo. Gharama ya kujitenga na desturi, kama ya Aslan, pia naikubali, kwa sababu inahusu malezi.

Nisichokikubali bado ni akili. Kumwambia mchezaji kwamba spishi yake huogopa kuta ni kumpa mazingira ya kuishi, ila kumwambia kwamba spishi yake hufikiri kidogo kuliko nyingine ni kumpokonya sehemu ya mchezo kabla hajaketi. Aidha, hakuna aliyewagusa Sathar, wale viumbe kama minyoo ambao Star Frontiers iliwaweka kuwa maadui wa wote na haikuwaruhusu kuchezwa. Je, spishi nzima ya maadui nayo inapita katika kipimo cha msimamizi wetu?

Mchangiaji wa tatu

Haipiti. Adui anayejulikana kwa umbo lake haniletei uamuzi wowote, ananiletea risasi tu. Nitamweka Sathar mmoja bandarini, hana silaha, anaomba nafasi katika chombo cha wachezaji wangu, na anayewasiliana nao atakuwa Yazirian aliyekwisha kumchagua Sathar kuwa adui wa maisha.