Udzungwa au Amani kwa group letu? Naombeni ushauri wakuu

Kidani
Wakuu habari za jioni. Sisi ni group la marafiki tunataka kutoka Dar twende msituni, msitu wenyewe wa mvua, sio kukaa kwenye gari mnahesabu twiga. Nusu wanataka milima ya Udzungwa kule Kilombero, nusu wanataka Amani kule Muheza. Mwenye gari anataka advansi wiki hii. Twende wapi?

Dereva Mstaafu
Mko wangapi? Mwezi gani? Mnalala au mnageuza? Unaomba ushauri halafu umeficha kila kitu.

Mwanamlima
Udzungwa haina mjadala. Ndani hakuna barabara za magari ya utalii, ni miguu yako tu. Maporomoko ya Sanje yanashuka kama mita 170, ukifika juu unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yote chini yako. Halafu kuna kima wa Sanje, huyo nje ya milima ile humpati popote duniani, na wanasayansi wamemjua 1979 tu juzi hapa.

Mama Pili
Mwanamlima kila uzi wewe ni Udzungwa, wamekupa kiwanja huko? Kidani mdogo wangu, kama kuna watu wazima au wenye magoti nenda Amani. Unapita kwenye chai, baridi kidogo, njia nyingi ni za kutembea taratibu, kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, usiku unatoka na tochi unaona vinyonga wamelala kwenye vijiti wamepauka. Mimi nilimwona mmoja mdogo kama kidole, mkia kaukunja vizuriii.

Mjuzi_wa_Mambo
Sahihisho. Amani sio hifadhi ya taifa, ni hifadhi ya mazingira asilia, iko chini ya TFS, wakala wa misitu. Udzungwa ndo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, tangu 1992.

Mama Pili
Sawa mwalimu. Kinyonga hajui hayo.

Kidani
Samahani wakuu, tuko kama 20 hivi, Coaster moja. Mwezi bado, labda Aprili sababu ya sikukuu.

Dereva Mstaafu
Aprili!! Masika hiyo. Kutoka Muheza kupanda Amani ni zaidi ya kilomita 30 za kona na utelezi, Coaster itawalaza njiani. Subirini Juni mpaka Oktoba.

Shangazi Tausi
Ngoja niwasimulie maana mnajadili milima na tatizo sio mlima. Sisi tulienda Udzungwa kifamilia, tukamlipa mtu atupangie kila kitu. Siku ya safari gari limechelewa, tumefika Morogoro watu wanataka supu, supu ikawa kikao, tunaingia Mang'ula, kwenye geti la Udzungwa, jua limeshageuka. Getini cash hawapokei, wanataka mlipe kwa control number, mtandao unasuasua, na yule mtu wetu simu haipokei wakati hela zote za kiingilio anazo yeye. Tukachanga upya. Mpaka tunamaliza askari akasema Sanje leo haiwezekani, kule ni masaa mengi kupanda na kushuka na giza halisubiri mtu, akatupeleka maporomoko madogo ya karibu na geti. Huku nyuma kuna waliokuja na yeboyebo. Shemeji yangu akasimama kupiga picha juu ya njia ya siafu, hakujua, wamempanda kimya kimya mpaka kwenye mapaja ndo wakang'ata wote kwa pamoja, akavua suruali palepale mbele ya mama mkwe wake, ambaye ndo mama yangu mzazi. Mpaka leo hawaangaliani vizuri mezani. Kwahiyo lipieni wenyewe kabla, laleni Mang'ula, asubuhi ndo mpande.

Kijana wa Pwani
Shangazi 😂😂😂 mkwe kasemaje

Shangazi Tausi
Kasema "pole baba" akageuka upande wa pili.

Kijana wa Pwani
Kidani mnaruhusiwa kwenda na spika? Nyama je?

Mwanamlima
Spika msituni ya nini jamani! Kuna tembo na nyati mule, ndo maana unatembea na askari mwenye bunduki.

Kijana wa Pwani
Tembo wapande mlima ule? Acha fiksi.

Mwanamlima
Wanapanda. Kinyesi chao utakiona kwenye njia, kikubwa kuliko kichwa chako.

Mjuzi_wa_Mambo
Na mifuko ya plastiki msibebe, marufuku nchi nzima tangu 2019.

Kidani
Asanteni wote. Wenzangu wengine sasa wanasema twende msitu wa Jozani kule Zanzibar tu, boti asubuhi.

Mama Pili
Jozani pazuri, kima punju, wale wekundu, wako karibu kabisa, ila mzunguko mfupi, kabla ya mchana mmemaliza. Mtaishia ufukweni.

Kijana wa Pwani
Ufukweni ndo penyewe

Dereva Mstaafu
Kwanini msipande TAZARA? Treni ina stesheni Mang'ula.

Mjuzi_wa_Mambo
Treni ya kawaida au ile express? Maana sio zote zinasimama pale, na muda wake ni wa kuulizia kwanza.

Dereva Mstaafu
Kijana, mimi treni ile nimeipanda wewe hujazaliwa.