Tupeane uzoefu: diski ya nje imegoma kusoma baada ya kuapdeti kompyuta

Mtoa mada

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni fundi kompyuta, niko Mwanza. Tangu Windows 10 ifikie mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025 watu wengi wamehamia Windows 11, na mezani kwangu zinamiminika diski za nje zinazosemwa zimekufa. Maneno ni yaleyale: "Fundi, jana ilikuwa inasoma vizuri, usiku nikaapdeti, asubuhi haionekani."

Nyingi ninazoletewa hazijafa. Mafaili yapo palepale, ila diski imekosa herufi yake ya utambulisho (kama E au F), au umeme hauitoshi, au mfumo mpya umekuja na masharti ambayo wa zamani haukuwa nayo. Kinachoniuma ni diski inayofika mezani wakati mwenyewe ameshakubali kuifomati, kisa kompyuta ilimwambia lazima afomati ndipo aitumie. Wakuu, ujumbe ule hausemi diski ni tupu. Unasema Windows imeshindwa kuisoma, basi. Ukiuona, bonyeza Cancel.

Mimi cha kwanza nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, nachagua Disk Management, naangalia bila kugusa kitu. Diski imo kwenye orodha? Ukubwa wake ni ule wa kawaida? Ina herufi? Imeandikwa NTFS au exFAT, yaani mpangilio wake wa mafaili unasomeka, au RAW, yaani Windows haiutambui? Hapo najua pa kuanzia.

Aliyepitia hili atueleze alikuwa na mfumo gani, diski ilionyesha nini na kilichomsaidia ni kipi. Hata kama ilishindikana, andika, kuna mtu litamfaa. Karibuni.

Mdau wa Sinza

Shukrani mkuu. Mimi ni mpiga picha za harusi. Baada ya kuapdeti nilifungua programu ya kuhariri, nikakuta picha zote za sendofu moja zina alama ya kuuliza. Bibi harusi alikuwa anakuja jioni hiyohiyo kuchagua za albamu. Diski ilikuwa inawaka taa, lakini kwenye This PC haipo.

Kwenye Disk Management niliikuta, imeandikwa NTFS, Healthy, ukubwa wote upo, herufi ndiyo haina. E yake ilikuwa imechukuliwa na kifaa cha kusomea memori kadi nilichokiacha kimechomekwa usiku kucha. Programu ya kuhariri inakumbuka kila picha kwa njia yake kuanzia ile herufi, kwa hiyo E ilipobadilika mwenyewe, kwake picha zote zimepotea. Nilichomoa kifaa cha kadi, nikabofya kulia kwenye diski, Change Drive Letter and Paths, nikairudishia E. Picha zikarudi zote, pamoja na marekebisho niliyokuwa nimeshayafanya.

Sasa diski za kazi nazipa herufi za mbali, P, R, W. Flashi za wateja zinakuja zinachukua E na F, za kwangu haziguswi.

Mtoa mada

Hili la herufi hata Microsoft wenyewe waliliona. Mwaka 2019, ilipotoka Windows 10 toleo la 1903, waliizuia isiingie kwenye kompyuta yenye diski ya USB au memori kadi iliyochomekwa, kwa sababu wakati wa kuhama herufi zilikuwa zinagawiwa upya vibaya. Mfano wao wenyewe ulikuwa flashi iliyokuwa G, baada ya kuapdeti ikawa H. Ushauri waliotoa ni kuchomoa vya nje vyote, kisha kuanza upya. Toleo lile limeshapita zamani, lakini mimi bado nafanya hivyo kwa kila kompyuta ya mteja: kabla ya apdeti kubwa, chomoa kila cha nje, bakiza kipanya na kibodi.

Mdau wa Nairobi

Kwetu ofisini tunatumia Mac, na diski zetu tumezifomati exFAT ili zisome kotekote. Mwenzetu aliwasha apdeti diski ikiwa bado imechomekwa, halafu akaing'oa waya kabla ya kuifunga kwa Eject. Mashine ilipowaka tena, Disk Utility iliionyesha diski imefifia rangi, na kila akibonyeza Mount ili ifunguke inakaa kimya. Akaanza kutafuta pesa za diski mpya.

Nilifungua Activity Monitor nikatafuta neno fsck. Nikaona fsck_exfat inafanya kazi. Diski ya exFAT ikitolewa bila kufungwa, Mac huikagua kwanza nyuma ya pazia kabla ya kuifungua, na haikuambii chochote. Diski kubwa yenye video nyingi inaweza kukaguliwa masaa mengi. Tuliiacha kwa umeme, tukaenda nyumbani. Asubuhi ilikuwa imefunguka, kila kitu kipo.

Kuna wanaoisimamisha ile kazi kwa nguvu. Diski hufunguka, lakini mara nyingi inakuwa ya kusoma tu. Ukifika hapo nakili vitu vyako kwanza, mengine baadaye.

Jambo lingine la Mac: yenyewe husoma NTFS ila haiandiki. Wengi wetu tumeweka programu ya kando ya kuwezesha kuandika, na programu za aina hiyo ndizo hukwama mfumo ukipanda toleo, kwa kuwa zinataka ruhusa upya kwenye mipangilio ya usalama. Ukiona diski inasoma lakini hairuhusu kuweka faili, anzia hapo kabla ya kuilaumu diski.

Mdau wa Tabora

Yangu fupi. Laptopu iliapdeti, diski ikaanza kutoa sauti tik tik tik na kujizima. Nilishakata tamaa. Dogo mmoja wa duka la simu akanipa waya mwingine mfupi, akaniambia nichomeke kwenye tundu la bluu pembeni, sio kwenye kile kigawio changu cha USB. Ikasoma hapohapo. Apdeti haikuhusika hata kidogo.

Mtoa mada

Ndiyo, mkuu wa Tabora, apdeti husingiziwa sana. Tundu la USB 2 kwa kawaida linatoa miliampia 500, la USB 3 linatoa 900. Diski ndogo za inchi 2.5 zinazotegemea umeme wa waya peke yake huhitaji nguvu zaidi pale zinapoanza kuzunguka. Ukipitishia kwenye kigawio kisicho na umeme wake, diski inajaribu kuamka, inashindwa, inalala, inajaribu tena. Ile sauti inaweza kuwa hiyo. Inaweza pia kuwa kichwa cha diski kimeharibika, kwa hiyo kama umebadilisha waya na tundu na sauti bado ipo, zima. Kila dakika inayoendelea kugonga unaumiza kilichobaki.

Mdau wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mie ni mtu wa Unguja, naishi Maskati. Diski yetu ya picha za familia haikuchomekwa kwenye kompyuta, imechomekwa kwenye ruta, kila mtu nyumbani anaifungua kwa Wi-Fi bila neno la siri. Laptopu yangu ya Windows 11 Pro ilipopanda toleo la 24H2 ikakataa kuingia, inasema sera za usalama haziruhusu mgeni asiyejitambulisha. Laptopu kongwe ya mwanangu inaingia kama kawaida, ndipo nikajua diski haina neno.

Toleo hilo limeondoa ule uingiaji wa ugeni, na linataka mawasiliano ya mtandao yatiwe sahihi ya kidijitali. Kuna watu wanaelekeza namna ya kuurejesha mlango wa wageni uwe wazi. Mie sikuutaka. Niliingia kwenye mipangilio ya ruta, nikaweka jina la mtumiaji na neno la siri kwenye ile folda, kisha laptopu nikaipa jina na neno hilohilo. Imefunguka. Ikiwa ruta ni ya zamani na haiwezi hayo, ichomoeni diski muichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, picha mtazikuta.

Mdau wa Dodoma

Naandika ya dada yangu, ameniruhusu. Yuko shahada ya uzamili, tasnifu nzima ilikuwa kwenye diski ya nje. Baada ya apdeti diski ikaja RAW, ukatokea ule ujumbe anaousema mtoa mada, akabonyeza Format. Alipofungua akakuta diski tupu, nyeupe. Alinipigia simu hawezi kuongea.

Nilimwambia aichomoe asiweke kitu chochote ndani, hata faili moja. Tukaipeleka kwa fundi. Fundi hakuifanyia kazi diski yenyewe. Alianza kwa kuinakili yote kama ilivyo kwenda diski nyingine kubwa zaidi kwa programu ya ddrescue, halafu akafanyia kazi ile nakala. Alijaribu programu ya TestDisk ili kurudisha mpangilio wa zamani, haikukubali. Akahamia PhotoRec, ambayo haijali mpangilio, inatafuta faili kwa kuangalia lilivyoanza.

Yalirudi mafaili mengi sana, ila majina hayakurudi. Kila hati inaitwa f na tarakimu nyuma yake, f kitu fulani nukta docx, skrini nzima. Tasnifu ilikuwa humo mara nyingi, kila nakala aliyowahi kuhifadhi. Sura ya Nne tu zilikuwepo kadhaa. Fundi alimwonyesha kitu ambacho sikuwa nakijua: hati ya Word inabeba ndani yake tarehe ya mwisho kuhifadhiwa, hata jina likipotea. Ukifungua folda kwa mtindo wa Details, ukaongeza safu ya Date last saved, unazipanga kwa tarehe hiyo. Dada alishuka nazo kuanzia juu, moja moja, akiangalia maoni ya msimamizi pembeni mwa ukurasa. Alipokuta yale maoni ya mwisho kabisa, kuhusu jedwali la sampuli, akaanza kulia. Picha alizopiga akiwa uwandani zilirudi karibu zote. Rekodi za sauti za mahojiano baadhi zilirudi zimekatika, hizo zilimlazimu kurudi kwa wahojiwa.

Mtoa mada

Mpe pole dada, na mpongeze kwa kuichomoa mapema. Wengine waelewe kilichomwokoa. Alifanya Quick Format, na hiyo hufuta mpangilio tu. Tangu Windows Vista, ukiondoa ile tiki ya Quick Format, Windows huandika sifuri diski nzima, hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Na diski yake ni ya kuzunguka. Ingekuwa SSD, ile isiyozunguka, kuna amri ya TRIM inayoweza kuiambia diski isafishe yaliyofutwa, na mara nyingi ikishapita hakuna cha kuokota.

Mdau wa Morogoro

Mimi iligoma kwa maneno "Access is denied". Diski inaonekana, folda zinaonekana, hazifunguki. Nilikuwa nimeweka Windows upya kabisa, na zile folda zilikuwa mali ya mtumiaji wa zamani. Properties, Security, Advanced, Owner, nikabadilisha kuwa mimi, zikafunguka. Wenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, ile haihusiani na hili. Tafuteni tarakimu 48 kwenye akaunti yenu ya Microsoft au kwenye karatasi mliyochapisha siku ya kuifunga.

Mdau wa Arusha

Wakuu, mimi limenikuta leo na diski iko mbele yangu. Nimeapdeti, nimechomeka, Disk Management inasema Not Initialized na inaniomba nichague aina ya mpangilio, MBR au GPT. Nichague ipi? Kuna hesabu za kikundi chetu cha akina mama humo, za miaka yote.

Mtoa mada

Dada, usichague yoyote. Bonyeza Cancel. Ukikubali, itaandika mpangilio mpya juu ya mahali ulipokaa wa zamani. Niambie, pembeni yake ukubwa umeandikwa? Na ukiishika mkononi inatetemeka kidogo na kuzunguka?

Mdau wa Arusha

Ukubwa haujaandikwa. Inazunguka, inasimama, inazunguka tena. Kuna mtu amenishauri niipasue kasha niichomeke ndani ya kompyuta ya mezani.

Mtoa mada

Asikupasulie. Baadhi ya diski za nje husimba data kwenye kile kibao kidogo cha USB, ukiitenganisha nacho unabaki na diski isiyosomeka kabisa. Nyingine tundu la USB limechomelewa kwenye diski yenyewe. Badilisha waya kwanza, halafu tafuta kompyuta nyingine ambayo haijaapdetiwa, chomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta ya mezani. Usiendeshe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Ile inarekebisha kwa kuandika, na diski inayoumwa haifai kuandikiwa kabla hujatoa vitu vyako.

Mdau wa Arusha

Nimeenda kwa jirani, ana kompyuta ya mezani inayotumia mfumo wa Ubuntu badala ya Windows. Waya mpya, tundu la nyuma. Ukubwa umetokea na folda zimeonekana! Inakwenda polepole na mara inaganda.

Mtoa mada

Vizuri sana. Mwambie aifungue kwa kusoma tu. Anza na folda ya hesabu peke yake, ipeleke kwenye kompyuta yake na kwenye flashi pia, picha na nyimbo zisubiri. Faili likiganda, liruke, endelea na linalofuata. Hesabu zikishatoka zote, ndipo uiangalie afya yake kwa programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows. Utupigie picha ya skrini utuwekee hapa, mistari ya 05 na C5 isomeke vizuri, ya sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika na zinazosubiri kukaguliwa. Hiyo ndiyo itatuambia kama ilikuwa waya au diski yenyewe inaondoka.