Dada yangu amerudi kutoka Saudia baada ya miaka 6. Makubaliano ya nchi na nchi yanamfaa nini sasa?

Mkaazi wa Likoni aliuliza:

Hamjambo nyote. Dada yangu mkubwa aliondoka hapa Likoni kwenda Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Alimaliza mkataba wa kwanza wa miaka 2, akauongeza mara mbili kwa mwajiri yule yule, na mwezi uliopita akarudi kwa viza ya kuondoka kabisa, yaani bila kurejea kazini kule. Mshahara wake ulikuwa riyali 900, yaani dola 240, na kila mwezi alikuwa akituma nyumbani riyali 700. Fedha hizo zilisomesha wadogo wetu wawili, zikamtibu mama, zikasimamisha vyumba viwili vya matofali na kuviezeka mabati. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea kwenye simu, kwa hiyo simlaumu mtu, isipokuwa pengine nafsi yangu. Yeye amerejea na masanduku mawili, maumivu ya mgongo, na akiba isiyofika shilingi 40,000.

Benki Kuu ya Kenya ilieleza kwamba mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takribani dola bilioni 4.9, na viongozi wetu hawachoki kuitaja hesabu hiyo. Ninachotaka kujua ni hiki: katika mikataba yote inayotiwa saini kuhusu uhamiaji, je, kuna kifungu kinachomhusu mtu aliyekwisha kurudi? Na je, kuna haki yoyote aliyoiacha kule ambayo bado anaweza kuidai?

Afisa wa kazi mstaafu alijibu:

Ndugu yangu, nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye muda wa kupotea. Kanuni za Saudia zinazohusu watumishi wa nyumbani zinampa mtumishi aliyemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 4 mfululizo malipo ya mwisho wa utumishi ya mshahara wa mwezi mmoja, na pia likizo ya mwezi mmoja yenye malipo kwa kila miaka 2 akiongeza mkataba. Kwa maelezo yako, dada yako anastahili riyali 900 za mwisho wa utumishi, na huenda pia ana likizo ambazo hakuzichukua wala hakulipwa. Si fedha nyingi, lakini ni zake. Muulize kwa upole kama kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege alitia saini karatasi ya Kiarabu, kwa maana mara nyingi karatasi hiyo husema kwamba mfanyakazi amepokea kila kitu na hana dai lolote. Kisha kusanyeni nakala ya mkataba, pasipoti yenye mihuri na kumbukumbu za mshahara, mwende kwanza kwa wakala aliyempeleka, na mkikwama mpeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira huku mkiuandikia ubalozi wetu wa Riyadh. Andikeni barua na mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, kwa sababu maneno ya mdomo hayana faili.

Kuhusu mikataba, upo Mkataba wa Dunia wa Uhamiaji Salama uliopitishwa Marrakech mwezi Desemba 2018. Una malengo 23, na lengo la 21 linataja waziwazi kurejea kwa heshima na kujijenga upya nyumbani, wakati lile la 20 linahusu utumaji wa fedha na la 22 linahusu kuhamisha stahiki za hifadhi ya jamii kutoka nchi moja hadi nyingine. Kasoro yake ni kwamba haumfungi mtu kisheria. Makubaliano ya ajira ya nchi mbili ndiyo yenye nguvu kidogo, lakini hayo kwa kawaida hujishughulisha na namna ya kuajiri, kima cha mshahara, bima na nani atalipa tiketi ya kurudi. Ndege ikishatua Nairobi au Mombasa, maandishi yamekwisha.

Ipo pia misaada ya kurejea inayoendeshwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na hapa niseme jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Mpango mkubwa ambao shirika hilo na Umoja wa Ulaya waliuanzisha mwishoni mwa 2016 ulitokana na hofu ya watu kuvuka bahari ya Mediterania, na kwa hiyo uliwalenga zaidi waliokwama njiani, kwa mfano Libya. Mtu wa namna hiyo huweza kupata vifaa vya biashara, mafunzo na ushauri nasaha, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini mwanamke aliyefuata sheria, akamaliza mkataba wake na kurudi kwa tiketi halali, hana fungu, kwa sababu hakumtia hofu mfadhili yeyote.

Mama wa Kisauni alijibu:

Mimi nilirudi kutoka Doha, na nakuomba usome haya pamoja na dada yako. Ndugu zangu walinipokea kwa vigelegele, na wiki ya pili wakaanza kuniuliza ninarudi lini. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamezoea kuniona kama tarehe 5 ya mwezi, siku ya fedha kuingia. Kila aliyekuja kunijulia hali alikuwa na ada ya shule mfukoni au deni la hospitali, nami niliona aibu kusema sina, mpaka nikakopa ili nimkopeshe mtu. Yasikieni hayo ninyi mnaobaki nyumbani.

Msimfungulie duka kwa haraka. Nimeona wenzangu watatu wakifungua duka la nguo au saluni ndani ya mwezi wa kwanza, wote wakafunga kabla ya mwaka, kwa kuwa bei za jumla, kodi ya chumba na tabia ya wateja vilikuwa vimebadilika walipokuwa hawapo. Aanze na hospitali ya kaunti kwa ajili ya mgongo. Apumzike. Na umuulize hasa alikuwa akifanya nini kule, kwa sababu neno "kazi za nyumbani" huficha mengi: wako waliokuwa wapishi wa watu ishirini, wako waliokuwa wauguzi wa wazee, na hakuna hata mmoja aliyerudi na karatasi inayosema hivyo.

Mwenyeji wa Unguja, aliyeko Muscat, alijibu:

Namuunga mkono Mama wa Kisauni, lakini kwa Afisa nina neno. Tukisema mikataba haina nguvu tutakuwa tumezisamehe serikali zetu mapema mno, kwa maana zipo nchi zilizofanya jambo hili kwa sheria zao wenyewe. Ufilipino ina mfuko wa ustawi wa wafanyakazi walio ng'ambo tangu 1977. Kila mkataba wa kazi huchangiwa dola 25, mchango ambao hutakiwa kulipwa na mwajiri, na kutoka humo hutolewa msaada wa kurejea, mikopo na masomo. Sheria yao kuu ya wafanyakazi wahamiaji ilipatikana mwaka 1995, baada ya mtumishi wao mmoja, Flor Contemplacion, kunyongwa Singapore na nchi nzima kughadhibika, na marekebisho ya 2010 yakakipa nguvu kituo cha taifa cha kuwapokea wanaorudi. Sisemi kwamba kule mambo ni shwari, kwani nchi inayotegemea watu wake kuondoka haina haraka ya kuwataka warudi. Ila angalau mtu akirejea analijua dirisha la kugonga.

Pili ni gharama ya kutuma. Nchi zilikubaliana katika Malengo ya Maendeleo Endelevu kwamba ifikapo 2030 ada iwe chini ya asilimia 3, ilhali Benki ya Dunia imekuwa ikionesha wastani wa takribani asilimia 8 kwa dola 200 zinazotumwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Riyali 700 ni kama dola 187. Ikiwa dada yako alilipa wastani huo, basi aliacha dola 15 kila mwezi, na kwa miezi 72 zinafika karibu dola 1,080, yaani zaidi ya mara tatu ya akiba aliyorudi nayo. Huenda njia aliyoitumia ilikuwa nafuu zaidi, kwa hiyo tazameni stakabadhi, na msisahau kwamba sehemu ya ada hufichwa katika bei ya kubadilishia fedha.

Mkaazi wa Likoni alijibu:

Ahsanteni sana. Jana usiku tuliketi na dada, nikamsomea kila neno. Karatasi ya Kiarabu aliitia saini, hakujua imesema nini, na nakala hakupewa. Mkataba wa kwanza anao, stakabadhi za kutuma fedha anazo nyingi ndani ya kopo la maziwa, na Jumatatu tutakwenda kwa wakala na barua mbili, moja ya kwao na moja ya kugongewa mhuri.

Jambo lililonishangaza ni jibu lake nilipomuuliza alichokuwa akikifanya. Miaka minne kati ya sita alimhudumia mama mzazi wa mwajiri, bibi aliyepooza upande mmoja: kumgeuza kitandani, kumpima sukari, kumchoma sindano ya insulini, kumfanyisha mazoezi ya mkono. Mgongo ulianzia hapo. Sisi tulidhani anafagia na kupika. Anasema duka hataki. Anataka kujua kama ujuzi huo unaweza kupimwa na kutolewa cheti hapa Mombasa bila kuanza masomo upya.

Afisa wa kazi mstaafu alijibu:

Muulizeni mtu wa Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuhusu mitihani ya ufundi, na mtaje kwa jina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, kwa sababu ndio uliowekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Nendeni naye mwenyewe, aeleze kwa kinywa chake yale ya sukari na sindano. Nyongeza moja kuhusu wakala: akiwaambia mrudi wiki ijayo, mwombeni aiandike tarehe hiyo juu ya nakala yenu.