Naomba ushauri: kumwelekeza bibi kurekebisha king'amuzi kwa simu

Habari wakuu. Bibi anakaa kijijini, ana king'amuzi cha antena na simu ya kitochi, kwa hiyo hawezi kunitumia picha. Kiingereza hasomi.

Yanayotatulika kwa simu tunayamaliza. Abonyeze Menu kwenye rimoti ya king'amuzi (nimeivisha raba nyekundu, rimoti mbili ndizo zinazovuruga kuliko yote). Menyu ikitokea, runinga na waya zake ni nzima, kasoro iko upande wa antena. Isipotokea, runinga imehama kutoka AV, yaani tundu la king'amuzi: achukue rimoti ya runinga, abonyeze Source, arudi AV. Bado giza? Waya umechomoka wakati wa kufuta vumbi. Njano ndiyo picha, nyeupe na nyekundu ni sauti.

Kinachonishinda ni hiki: umeme ukikatika na kurudi, menyu inakuja lakini chaneli zote zinapotea. Antena ina busta (kifaa cha kukuza mawimbi) inayolishwa volti 5 na king'amuzi kupitia waya uleule wa antena. Nashuku mpangilio wa kulisha antena, ulio ndani ya menyu ya king'amuzi, unajizima. Au nyuzi za nje za waya wa antena zinagusa uzi wa kati ndani ya koneka (kichwa cha waya), king'amuzi kinakata volti chenyewe kujikinga.

Nitatofautishaje hayo mawili kwa simu? Simpeleki ndani ya menyu, hatua chache kutoka hapo kuna kurudisha mipangilio ya kiwandani, akibonyeza hiyo tumekwisha. Na busta ya aina hii nikiilisha kwa adapta yake ya ukutani, lazima nizime volti za king'amuzi?