Naomba shauri juu ya mudogo wangu, anajificha bantu

Bamama na badada ba Bukavu, munisaidie. Mudogo wangu uchungu ya kuzala ilimukawisha sana mu kijiji mbele bamufikishe ku hospitali, mutoto akakufa, na tangu ile siku mukojo inamutoka yenyewe. Bwana yake akamurudisha kwetu. Sasa haendi tena kanisa, anakula peke yake, anafua nguo kila saa, anasema ni azabu ya Mungu, na mimi ile neno inaniumiza kabisa. Najua ni fistula, ile tundu yenye uchungu ya kukawia inaachaka mu njia ya mukojo, na kule ku hospitali ya Panzi kwa docta Mukwege banaitengenezaka na operesheni, lakini anakataa, anaogopa bantu batasikia harufu mu bisi. Nimuambie nini akubali? Na ile huzuni ya mutoto? Benye balipitia pale, muniandikie tafazali.