Kwa nini tenki la plazima lipashwe moto kwanza?

Wakuu, natengeneza mafriji hapa Mwanga, Kigoma. Nasoma kuhusu mitambo ya fyusheni (kuunganisha viini vya atomi kupata nishati), eti wanalipasha moto tenki zima kabla ya kuweka plazima (gesi ya moto mno yenye chaji za umeme), si waache pampu ivute hewa tu?

— Shida maji mkuu. Mvuke unang'ang'ania kwenye chuma, pampu peke yake itavuta wiki nzima na bado unatoka kidogo kidogo, ndo maana ITER, mtambo mkubwa wa fyusheni kule Ufaransa, chombo kimepangwa kupashwa hadi nyuzi 200, halafu wanapitisha umeme kwenye gesi kama heliamu, ioni (atomi zenye chaji) zinapiga ukuta zinabandua uchafu.

— Na ndani usiguse bila glavu, alama ya kidole ni mafuta hayo! Tundu linalovuja nalo, puliza heliamu nje kwenye welding, kifaa cha kupima upande wa pampu kikiinusa umelipata.

— Aisee, juzi kwenye friji nikizima pampu geji inapanda tena, nikahangaika na tundu kumbe unyevu. Asanteni sana.