Gitaa la nyuzi za chuma linalia zzzz na sauti imeziba, naombeni ushauri wakuu

NyuziSita: Wakuu habari zenu, nimekwama kweli na kuna sehemu natakiwa kupiga karibuni. Gitaa langu limeanza kulia zzzz nikibana kodi (chords, noti kadhaa kwa pamoja) za huku karibu na kichwa, G na C ni balaa, F ndo usiseme kabisa, ila nikipanda kuanzia freti ya saba hivi (vile vyuma vya kukatiza shingo) linatulia. Halafu sauti imeziba, haitoki, nikipiga inafia hapohapo. Nimeweka seti mpya ya 12 (namba ya unene wa nyuzi) nikijua nyuzi zimechoka, wapi. Sasa nataka niagize seti nene ya 13, nadhani itakaza na hiyo zzz itaisha. Mnaonaje? Gitaa sijaligusa kitu chochote.

PigaKodi: 13 zitakumaliza vidole mkuu. Mimi kuna jamaa alinishauri hizo nikiwa ndo najifunza, ncha za vidole zilivimba nikaliweka gitaa chini ya kitanda muda mrefu tu, nilivyorudi nikaweka 11 na hadi leo sijahama. Weka 11, utanishukuru.

FundiMbao: Akiweka 11 zzz ndo itaongezeka, nyuzi nyembamba zinavuta shingo kidogo kuliko nene. Tuanze mwanzo. Ukipiga nyuzi zikiwa wazi bila kubana zinalia pia? Gonga ubao wa mbele kwa kidole taratibu kuzunguka briji, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili, ukisikia kitu kinachezacheza ndani ujue boriti imeachia gundi. Shika vitasa vya kutyunia kimoja kimoja uone kama kuna nati imelegea. Halafu pima kwa rula kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi, E nene, ule mnene kuliko wote. Na unaliweka wapi? Hewa ikikauka sana ubao wa mbele unazama na shingo inabadilika, gitaa linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55 hivi.

MamaMelodi: Na mfute nyuzi mkimaliza kupiga jamani, hamfuti. Jasho na mafuta ya mikono ndo yanaua mlio, halafu mtu anakuja kulalamika gitaa bovu. Mwanangu nimemfundisha tangu mdogo, kitambaa kinakaa ndani ya begi la gitaa.

NyuziSita: Shikamoo mama, nafuta. Fundi nimegonga ubao wote, kimya. Vitasa vimekaza. Nyuzi wazi zinalia kidogo, E nene na A. Freti ya 12 napata 2.4 mm. Linakaa ndani ya begi muda wote.

FundiMbao: 2.4 kwa E nene ni kawaida kabisa. Sasa kama kimo cha nyuzi kiko sawa, huku juu pasafi na huku kwenye kichwa panalia, shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma. Hilo lina sababu. Ama hewa imekauka sana, ama uliweka nyuzi nyembamba kuliko za mwanzo, ama kuna mtu kakaza ile rodi ya chuma ndani ya shingo. Ni lipi?

MzeeWaRekodi: Vijana mnapenda sana kuzungushazungusha vitu. Gibson walipata hataza ya hiyo rodi ya kurekebisha 1923, lakini Martin hadi 1985 walikuwa bado wanatengeneza magitaa yasiyo na rodi ya kurekebisha na yalilia vizuri tu. Tulipiga tulichopewa.

NyuziSita: Sawa, rodi niliizungusha, ila kidogo. Nyuzi zilikuwa juu mno vidole vinauma, nikaona video jamaa anakaza nikakaza. Kule juu bado zikawa ziko mbali, ndo nikatoa sadeli, kile kipande cheupe cha kwenye briji, nikakipiga msasa kwa chini. Kikashuka sana nikakiwekea kadi ya karatasi ngumu nimeikunja ili kirudi. Lakini hiyo siyo shida maana watu wengi wanafanya na kimo kimerudi kama kilivyotakiwa, mimi nimeuliza tu kuhusu nyuzi za 13.

Bundi_77: Hii chai. Mwanzo "sijaligusa kitu chochote", sasa hivi ni rodi, msasa na kadi, kesho atatuambia alilipaka rangi. Na umesaga sadeli mpaka ikashuka sana halafu bado unapata 2.4 safi kabisa? Hakuna gitaa hapa, mtu katunga ili tubishane. Weka picha.

PigaKodi: Aisee hata mimi nimeanza kuhisi. Kuna mwingine alituchezea hivihivi na stori ya kinanda, watu wamehangaika weee kumbe kinanda chenyewe hana.

NyuziSita: Chai ya nini sasa? Bila kadi ilikuwa 1.8, na kadi ni 2.4. Nimeikunja mara mbili. Picha nitaweka nikipata mwanga mzuri.

MamaMelodi: Mwacheni. Mtu akiharibu chombo anachokipenda anaona aibu kusema, ndo maana katoa kidogokidogo.

FundiMbao: Bundi, piga hesabu. Kadi ya jina ina kama 0.3 mm. Ukiikunja mara mbili ni tabaka nne, 1.2. Ukiinua sadeli, freti ya 12 inapata nusu yake, yaani 0.6. Ongeza kwenye 1.8. Mtu wa kutunga asingeipata hiyo.

NyuziSita fanya hivi: tyuni, weka kapo (kile kibanio cha nyuzi zote) freti ya kwanza, bana E nene pale shingo inapoungana na mwili, mara nyingi ni freti ya 14, halafu angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa kama 0.2, pungufu kidogo ya unene wa kadi moja.

NyuziSita: Hakuna nafasi kabisa, uzi umelala juu ya freti.

FundiMbao: Ndo hiyo. Legeza rodi robo mzunguko, magitaa mengi ni kinyume cha saa, tyuni tena, rudia kipimo. Usizidishe robo kwa mara moja, ukiona ngumu acha. Hiyo rodi kazi yake ni mkunjo wa shingo, kushusha nyuzi siyo kazi yake. Na kadi itoke. Mtetemo unatoka kwenye uzi unapita kwenye sadeli unaingia kwenye briji mpaka ubaoni, ukiweka karatasi katikati inaumeza, ndo sauti yako imeziba. Tafuta sadeli mpya ya mfupa, ndefu kuliko unavyohitaji, uisage kidogokidogo huku unapima, na chini iwe bapa kabisa. 13 zitavuta shingo mbele kweli na zzz inaweza kupungua, lakini kadi itabaki palepale.

Bundi_77: Hesabu nimeikubali. Picha bado naidai.

NyuziSita: Nimelegeza robo. G imetulia, C pia, F bado kidogo. Niongeze robo? Ila 13 nilishaagiza tangu asubuhi, ziko njiani, na siwezi kuzirudisha.

FundiMbao: Kama zinakuja usiongeze. Ziweke, tyuni, liache usiku mzima shingo itulie, ndo upime freti ya 7, huenda zenyewe zikamalizia kazi. Na sadeli usinunue kabla hujapima upana wa mfereji wa kwenye briji, ikicheza mle ndani nayo italia zzzz.

NyuziSita: Mfereji napimia nini, rula haiingii?

FundiMbao: Pima sadeli ya zamani unene wake, kama ilikuwa imebana vizuri. Pale kwa pembeni hukusaga.